Rangi ya Geti, Pande Zote Mbili

Tangu mgongo umgomee, kaka yangu hainui jiwe. Daktari alimwambia miaka thelathini ya kuchonga sanamu inatosha, naye akamjibu daktari maneno nisiyoweza kuyaandika mbele za watu. Kisha akahamia sebuleni kwangu na karatasi nane nzito, makopo ya rangi ya mageti na mabaki ya rangi ya magari aliyopewa na fundi jirani. Nyumba nzima ikanuka kama gereji. Wanangu wakaumwa vichwa, yeye hana habari.

Harufu ningeivumilia. Tatizo ni kwamba mchongaji, hata umpe karatasi, ataizunguka. Kaka alizitundika kwenye kamba ya nguo katikati ya sebule, akapaka mbele. Mafuta yakapenya, yakaacha madoa nyuma. Basi akaenda nyuma, akayafuata madoa kwa brashi. Kila karatasi ikawa na pande mbili, zote mbichi, zote zikiisubiri sketi yangu.

Dada wa ukumbi wa maonyesho, uliokubali kuonyesha kazi zake mpya, alikuja na vipimo vya fremu.

"Mzee, ukutani unaonekana upande mmoja tu. Chagua mmoja, mwingine tuufunike."

"Wewe ukipigwa picha ya kitambulisho, kisogo unakiacha wapi?"

"Mzee, kuna wasanii wengine wanautaka ukuta huo."

Nikamvuta kaka jikoni. Nilimwambia aache ujuaji, achague, maana akilikosa onyesho hili watu watamsahau. Nilitegemea matusi. Akaangalia mikono yake.

"Nikichagua, nimekuwa mchoraji," alisema. "Na uchoraji siujui, nimeanza juzi. Mimi nachonga. Wakininyang'anya hilo, nabaki nani?"

Nikampa kitambaa cha vyombo afute mikono.

Tuliporudi sebuleni, yule dada alikuwa ameinama chini ya kamba, anatokea upande wa pili. Akarudi. Akazunguka tena, taratibu, rangi ya bluu imemshika begani naye hajui. Kisha akatoa kalamu, akakata neno "michoro" kwenye orodha yake, akaandika juu yake: "Sanamu nane, rangi ya mafuta kwenye karatasi. Zitundikwe katikati ya ukumbi."

Kaka akaisoma mara mbili. Akakaa kwenye kiti changu kizuri na suruali yake yenye rangi mbichi, akalia. Nikamwacha akae.