Chipu Nane na Sikio Moja

Jamani, ubishi wa mtu mzima! Siku ya tatu sasa Fundi Waya amejifungia chumbani, anachora bodi ya kupimia chipu za sauti za kompyuta za zamani, na hakuna wa kumwambia chai yako inapoa. Chipu ziko nane, ndani ya kopo moja. Mojawapo ni ya marehemu kaka yake, na ni Fundi mwenyewe, akili zake timamu, aliyezichomoa zote siku moja bila kuzitia alama. Kwa macho hazina tofauti. Kwa sikio, kila moja ina mkwaruzo wake, na nyimbo alizotunga kaka zililia sawasawa kwenye ile yake tu. Asipoipata, ndiyo basi tena, hatamsikia.

Kuchora soketi nane za kuchomekea chipu si kazi. Kazi ni mtu. Ndugu hawa walikuwa na mtindo wao: mmoja anabadilisha chipu, mwenzake anageukia ukuta na kusikiliza, maana ukishaiona, macho yanalidanganya sikio. Sasa nani abadilishe? Akachora kitufe cha kuchagua chipu kwa kubahatisha. Akakitazama, roho ikamuuma. Kitufe kitamwambiaje, "Wewe, acha uvivu, sikiliza tena"?

Akampigia mke wa marehemu.

"Shemeji, njoo Jumamosi unisaidie. Wewe unabonyeza tu, mimi nasikiliza."

Mama wa watu akamjibu.

"Shemeji, miaka ishirini mlikuwa mkijifungia chumba cha nyuma, nyumbani kwangu. Nyimbo za mume wangu nilizisikilizia ukutani, naosha vyombo. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia, ingia. Leo unaniita nije nikubonyezee kitufe?"

Simu ikakatwa.

Fundi Waya alishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alidhani msiba ule ni wake peke yake, kumbe kuna mtu alikuwa mpweke tangu kaka yu hai, hatua tatu kutoka mlangoni.

Akavuta karatasi ya bodi. Pembeni mwa tundu la hedifoni akachora tundu la pili, la mtu wa kukaa naye bega kwa bega. Akapiga simu amwambie shemeji aje wasikilize pamoja. Haikupokelewa. Akapiga tena.