Ersilia Arudi Parma

Sauti ilikatika palepale ilipotakiwa kupaa. Mluzi mmoja ukachomoza kutoka roshani ya juu, kisha kumi, na wauza jibini wa Parma wakaanza kugonga mbao kwa visigino.

Ersilia Bandoni, mwimbaji wa opera, aliinua mkono. Okestra ikanyamaza, chombo kimoja baada ya kingine.

Miaka ishirini na mmoja nyuma, kwenye jukwaa hilihili, alifukuzwa kwa miluzi kama hii. Binti huyo wa dobi alitokea mlango wa nyuma akiwa bado na vazi la malkia mwilini, akapanda gari la farasi, akaenda zake. Tangu hapo Odesa ilimshangilia na Lisbon ikamtupia maua. Mji aliouota usingizini ni Parma tu. Jumapili hii mchana, akiwa na miaka arobaini na mitatu, amekuja mwenyewe, hakuburutwa na mtu.

"Bibi, tuuruke wimbo huu," alinong'ona Bwana Corvi, kiongozi wa okestra, jasho likimtoka.

"Haturuki kitu." Akatazama juu, akasema kwa lafudhi ya kwao: "Nani kaanza?"

Jitu moja likasimama. "Mimi. Gaspare, muuza nyama. Nimepanga foleni tangu alfajiri, mama, sikuja kusikiliza jogoo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ersilia naye akacheka, cheko la tumboni.

"Kweli, sauti nimeikaba koo. Hebu niambie, Gaspare, ukimkatia mteja nyama vibaya, unafanyaje?"

"Namkatia nyingine."

"Basi kaa kitako nikukatie nyingine."

"Mdomo huo!" akapayuka mwanamke aliyekaa kando ya Gaspare. "Huyo ni binti wa Norina dobi, hakuna mwingine!"

Ersilia akampa ishara Corvi. Safari hii hakupigana na sauti. Alilegeza mabega, akaiacha pumzi ishuke mpaka kiunoni, kisha akaiachia sauti. Ikapanda nyembamba, bila haraka. Haikuwa tena sauti ya msichana. Ukingoni ilikuwa na mkwaruzo, naye hakuuficha. Ikafika juu kabisa, ikakaa.

Ilipozimika, hakuna aliyepiga makofi. Corvi alisahau kushusha fimbo yake. Kule juu Gaspare alikuwa ameivua kofia na kuiweka magotini, na jirani yake alipofungua kinywa atie neno, alimshika mkono, taratibu, asiseme.