Romani wa Kila Nyumba

“Kala kwangu, kanawa kwangu, na hajanigusa hata ukucha,” alisema Mwajabu, kasimama barazani kwake na mwiko mkononi. “Sasa unachonifokea ni nini, Yustina?”

“Nakufokea kwa sababu jana jua linazama mume wangu alikuwa chumbani kwetu anakunywa chai. Wewe unatangaza mtaa mzima alikuwa kwako anakula muhogo. Mmoja wetu mwongo.”

“Basi mwongo ni wewe. Muhogo wenyewe wa nazi. Kaumaliza mpaka sufuria ikalia.”

“Romani hali muhogo wa nazi.”

“Kwangu anakula.”

Watu walikwishasogeza vigoda. Mtaani Mtoni akigombana mmoja, wenzake hawaendi kuchota maji mpaka wajue mwisho wake. Tabu, muuza vitumbua, hakuwa na haja ya kuingilia, lakini alikuwa na neno linamwasha mdomoni tangu asubuhi.

“Jamani, msitoane roho,” alisema. “Na kwangu alikuja. Jua hilo hilo. Nikampa vitumbua viwili, akala, akanawa, akaondoka.”

Yustina akamtazama Tabu, akamtazama Mwajabu. Akauliza alikuwa amevaa nini. Wakajibu kwa pamoja: shati la mistari ya buluu na nyeupe, kifungo cha pili hakipo. Kifungo hicho Yustina alikuwa amekishona upya wiki tatu nyuma, kwa mkono wake. Ugomvi ukafia hapo, maana cha kugombania hakikuwepo tena. Mwajabu akarudi jikoni kuangalia mchuzi wake.

Mume wa Yustina, Romani, alikuja Dar na baba yake kutoka Newala akiwa ndiyo kwanza anaota ndevu. Baba, mzee Albano, alikwenda kuchonga vinyago Mwenge. Romani aliikataa patasi, akapata kazi ya kufagia kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, na kwa kufagia taratibu chumba chenye kompyuta akajifunza kompyuta. Hapo mvua za Elinino zilikuwa zimepita, na mjini kila kona pana kibao cha chuo cha kompyuta, hata pale ambapo juzi palikuwa na banda la kuku. Ofisi ilipotupa mashine moja kuukuu, Romani aliibeba kwa mkokoteni mpaka nyumbani. Miaka miwili alikaa mbele yake akitengeneza gemu lake, na Yustina akampepea kwa gazeti, umeme ukiwepo na feni ikiwa haipo.

Gemu liliitwa Chandimu, ule mpira wa watoto wa mtaani. Ulikuwepo mtaa wa mchanga na mtaro wa maji machafu. Alikuwepo mama wa vitumbua, ambaye ukimpiga na mpira mechi inavunjika. Alikuwepo mzee wa nyumba ya kona, anayeuchukua mpira ukiingia kwake na haurudishi mpaka umwamkie shikamoo mara tatu. Golini Romani alijiweka mwenyewe, kijitu cha vidoti chenye shati la mistari, na kwa kuwa siku ile kifungo cha pili kilikuwa kimekatika, hakukichora. Kabla ya kila mechi kijitu hicho kilifungua mdomo, yakatokea maneno juu ya kichwa chake: “Haya, tuanze.”

Alipomaliza alitoa disketi mia mbili, kila moja na karatasi yake ya rangi, na kila moja aliipuliza kwa mdomo kabla ya kuifunga, kama baba yake anavyopuliza vumbi la mpingo kwenye kinyago kilichokwisha. Hakuliwazia jambo hilo. Tangu mdogo ndivyo alivyoona kazi inavyomalizwa.

Zilinunuliwa tisa. Ya kumi hakuna aliyeihitaji, kwa sababu mmoja wa wale wanunuzi tisa alikuwa Shomari, mwenye steshenari pale kituoni, na kwa Shomari kukopi kulikuwa bei ya soda. Wakakopi makarani wa bandari, wakachezea ofisini bosi akitoka. Wakakopi walimu wa tuisheni. Wakakopi na wasiokuwa na kompyuta, wakiingoja siku watakayokuwa nayo. Mwajabu hakuwa hata na umeme. Disketi yake ilikaa kwenye kabati la vyombo, kati ya birika la rangi ya dhahabu na vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea, na kila jua lilipozama Romani aliingia, akavua ndala, akakaa chini ya kabati.

Wiki moja baada ya ule ugomvi Yustina aliwahesabu akina Romani. Haikuwa kazi, maana saa ile milango ya Mtoni iko wazi na watu wako mikekani. Walikuwa arobaini. Waliokopiwa kwa disketi ya Shomari walikuwa wazima. Waliokopiwa kutoka kwa mwenzao, tena kwa disketi zilizochoka, walikuwa na mapungufu. Mmoja hakuwa na sikio la kushoto. Mwingine mistari ya shati ilimwishia kifuani, na kuanzia hapo hakikuonekana kitu mpaka magotini, lakini chakula alichokula kilikwenda kinakokwenda. Wa kwa kinyozi alikuwa na uso upande mmoja tu, na kwa adabu alikaa akiuelekeza ule upande mzima kwa wateja. Hakuna aliyemdhuru mtu. Walikula walichopewa, wakanawa, wakasema “Haya, tuanze” walipoulizwa habari, na wenye nyumba walipoanza kukunja mikeka hawakuwepo. Watu walisema Romani amekuwa mtu wa watu siku hizi. Zamani alikuwa na maringo, amejifungia na mashine yake.

Aliyekuwa anapungua ni wa Yustina peke yake.

Kwanza ziliacha kusikika hatua zake kwenye sakafu ya saruji. Kisha ikawa chai akishainywa kikombe kinabaki kimejaa vilevile. Kitanda hakikubonyea tena upande wake. Alikuwa ameanza kutengeneza gemu la pili, la mashindano ya kuvuta kamba, lakini herufi alizozigonga hazikushuka chini ya vidole vyake, na kiooni mwa mashine hakikuandikika kitu. Alikaa mbele yake hivyo hivyo kutwa nzima, akigonga.

Mzee Albano alikuja Jumapili, akamtazama mwanawe, akamwinua kwa mkono mmoja kama mtu anayepima kigogo kikavu, akamrudisha kitini.

“Za kwako ulizipuliza?”

“Nilizipuliza, baba.”

“Na za huyo wa steshenari, nani alizipuliza?”

“Hakuna.”

“Basi zinavuta pumzi kwako,” alisema mzee, akaomba maji ya kunywa.

Jumanne, Kokushubila, nesi aliyepanga nyumba ya tatu, alinunua disketi halisi, kwa sababu aliipenda ile karatasi ya rangi. Jioni ile Romani alikohoa, na kikohozi kikasikika mpaka uani. Kitanda kikalia. Yustina alipima chai kwa kidole, ikawa imeshuka pingili mbili. Dawa ikawa imejulikana, na haikuwa ngumu: watu wanunue.

Alianza na Shomari mwenyewe. Shomari hakuwa mtu mbaya. Alimfungulia soda baridi, akampangusia kiti.

“Shemeji, mie nikiacha, wataenda kukopi kwa yule wa Mtongani,” alisema. “Yule hata jina la Romani halijui. Si bora wakopi kwangu, mtu anayemheshimu?” Huku akisema, mashine yake ilikuwa inakoroma, inakopi.

Akaenda serikali ya mtaa. Ofisi ilikuwa karibu kufungwa, na kwenye benchi alikwishakaa Romani mmoja, asiyekuwa na vidole vya mkono wa kulia.

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba, mama. Kaa hapo na mwenzio,” alisema Twaha, mwenyekiti, akavuta daftari. “Haya, umeibiwa nini?”

“Gemu la mume wangu.”

“Disketi zenyewe zimechukuliwa?”

“Hapana. Ziko chini ya kitanda.”

“Mashine?”

“Ipo.”

“Na mume?”

“Yupo, ila mwepesi. Halafu wapo wengine arobaini.”

Twaha akaiweka kalamu chini. “Sikiliza, mama. Mie humu naandika waliopungukiwa. Mtu kuku wake wamepungua, naandika. Bati limetoweka, naandika. Wewe mwenzetu umezidishiwa. Nikuandike ukurasa gani?”

Twaha akafungua mtoto wa meza, akamwonyesha disketi yake mwenyewe, iliyolala pamoja na muhuri wa ofisi, ajue kwamba hata serikali inamthamini mume wake. Kisha akampa yule wa kwenye benchi kipande cha kashata, akakipokea kwa mkono wa kushoto.

“Haya, tuanze,” alisema Romani wa ofisini.

Kesho yake alasiri Yustina alizipanga disketi zote kwenye beseni kubwa, akazifunika kanga, akajitwika, akaanza kupiga hodi nyumba kwa nyumba kama mtu anayeuza maandazi. Alianzia kwa Tabu.

“Ah, shoga, si ninayo,” alisema Tabu.

“Hiyo ni ya Shomari.”

“Tofauti yake nini? Mtaa ni ule ule, na mie nimo, na vitumbua vyangu vimo.”

“Tofauti ni kwamba hiyo ya Shomari inamla Romani.”

“Masikini Romani!” Tabu alisikitika kweli, machozi yakamlenga. “Ngoja kwanza.” Akaingia ndani, akatoka na vitumbua sita kwenye sahani, akavimimina juu ya kanga. “Mpelekee. Mwambie ni vya moto.”

Felicitas, mwalimu wa tuisheni, ambaye darasa lake zima lilikuwa limekopi kutoka kwake, alimshika Yustina bega akampeleka pembeni.

“Kama ni njaa, sema tu, mama. Tusifichane, sie si wa mbali.” Akampimia kibaba cha mchele na kipande cha nguru wa chumvi, na kwa kuwa alikuwa mwalimu alimuuliza pia kama anasali.

Ikawa hivyo mtaa mzima. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemjibu vibaya. Walitoa nazi, viazi vitamu, fungu la mchicha, nusu chupa ya mafuta ya kula. Kinyozi hakuwa na chakula, akampa sabuni. Wengi walimkumbusha kwamba Romani wanamlisha wao kila jioni, na hawajawahi kuja kumdai hata chumvi. Wengine walimwita aje amwone alivyonona. Beseni lililoondoka na disketi na kanga likawa mlima. Kila alipolitua na kufunua mpaka chini, disketi zilikuwa zile zile, haikutoka hata moja.

Alirudi nyumbani shingo imezama mabegani. Jua lilikuwa linatua. Kikombe cha chai kilikuwa mezani kimejaa hadi ukingoni. Mashine ilikuwa inawaka, kiooni hamna kitu. Shati la mistari lilikuwa kwenye kiti mbele yake, limekaa, limefungwa vifungo vyote, pamoja na kile cha pili, na mikono yake miwili imelala juu ya herufi.

Yustina alizima mashine ili isichemke. Alilikunja shati, akaliweka kwenye sanduku juu ya nguo nyingine za Romani. Chai aliimwaga, kikombe akakisuuza. Kisha akakaa kitandani akilitazama lile beseni, akajaribu kufikiria ni mchele kiasi gani unaomtosha mtu mmoja, akashindwa. Akatoka nje.

Milango ilikuwa wazi, mikeka imetandikwa. Kwa Tabu ilisikika sauti ya mwanamume ikisema neno lile moja. Kwa kinyozi vilevile. Ng’ambo ya barabara sauti mbili zikasema kwa wakati mmoja, moja ikakatika katikati.

“Yustina!” Mwajabu alikuwa barazani, anajipepea na ukingo wa kanga. “Mbona umesimama peke yako kama nguzo? Au bado umeninunia?”

“Sijakununia.”

“Romani hajambo?”

“Hayupo,” alisema Yustina. “Imebaki shati.”

Mwajabu alitikisa kichwa, akampa pole ndefu ya watu wa pwani, na pole yenyewe ilitoka moyoni. Nyuma yake alitokea shemeji yake Suleiman, aliyekuja kutoka Mbagala kusalimia. Alikuwa anaviringisha kitu kwenye leso. Kilikuwa disketi ya kabatini.

“Nakwenda nayo kwa Shomari mara moja kabla hajafunga,” alisema Suleiman. “Naikopi tu, narudisha. Kule kwetu wameniagiza nyumba nzima.”

“Usinikwaruzie,” alisema Mwajabu. “Na uirudishe pale pale, jirani na birika.”

Suleiman akampisha Yustina mlangoni, akamwamkia kwa heshima, akashika njia ya kituoni. Ndani taa ya chemli ilikuwa imewashwa. Sinia la wali na samaki wa nazi lilikuwa katikati ya mkeka, mvuke unapanda, na chini ya kabati alikaa Romani, mnene, mashavu yamejaa, mikono imeshanawa, kifungo cha pili hakipo.

“Ingia, shoga, ingia ule,” alisema Mwajabu, akamshika mkono. “Chakula kingi, na mwenzio keshakaa, tulikuwa tunakungoja wewe tu.”

Yustina alivua kandambili zake, akazipanga kando ya ndala za mume wake. Romani alijisogeza kumpa nafasi mkekani, akamtazama kama anavyotazamwa mtu yeyote anayeingia.

“Haya, tuanze,” alisema.