Zamu ya Ebenezeri

Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi, Doris alikuwa ameshainuka kitini mara sita. Ofisi ya umoja wa watumia maji ilikuwa chumba kimoja mjini Moshi, juu ya duka la pembejeo, na mwenyekiti, Mzee Sylvanus, alikuwa amesimama nyuma yake akimhemea kisogoni. Alitaka kadi za zamu za mfongo, mfereji unaoshusha maji ya mlimani hadi mashamba ya Uru, zitoke kabla ya saa sita. Ukame ulikuwa umeingia mwezi wa tatu na watu walikuwa wameanza kushikana mashati.

Orodha aliinakili kutoka kitabu cha zamani, mtu mmoja kila mstari. Badala ya kutengeneza kadi moja moja, Doris aliandika kwenye kompyuta amri moja tu: isome orodha, ichukue kila jina, ilipachike mwishoni mwa amri ya kutoa kadi, kisha iitekeleze. Alitaka kwanza aone ingefanya nini kabla ya kuiachia.

"Utaona baadaye," alisema Sylvanus.

Doris akabonyeza. Alichosahau kuiambia kompyuta ni kwamba jina huishia mwisho wa mstari. Yenyewe ilikata kila ilipokuta nafasi. Aminieli Mosha akapata kadi mbili, ya Aminieli na ya Mosha. Wajane saba, walioandikwa kitabuni Mjane wa fulani, wakapata kadi moja ya Mjane, kwa kuwa jina lililojirudia lilitolewa kadi mara moja tu. Ilitoka pia moja iliyoandikwa "wa", ambayo hakuna aliyeifuata. Waume zao walipata kila mtu yake.

Jumanne walifika Aminieli na Mosha, wamefanana mpaka kovu la panga kidoleni. Mmoja alisaini kwa mkono wa kulia, wa pili kwa wa kushoto. Waliondoka wakibishana nani apande mbele kwenye bodaboda.

Nyuma yao alikuwa Ebenezeri, aliyezikwa miaka minne iliyopita katikati ya migomba yake. Alikuwa na suti ya maziko, viatu vimeshika udongo.

"Shikamoo mzee," alisema Doris.

"Marahaba. Nimesikia naitwa."

Doris alimpa kadi. Siku yake ilikuwa Ijumaa. Kisha akashuka ngazi, akapanda tena, akafungua dirisha, akalifunga. Hakuweza kutulia.

Jumatano alikuja Victoria, mjane wa Ebenezeri, amebeba kadi ya Mjane ndani ya khanga.

"Mwanangu, tuko saba kwa kadi hii moja. Na mzee yuko nyumbani, anakula mtori wangu asubuhi na jioni. Zamu yake amempa mdogo wake, Antoni."

"Si mmwagilie wote?"

"Anasema kihamba, shamba hili la migomba, ni cha ukoo, na ukoo ni Antoni. Mibuni yangu nimeipanda mwaka juzi, yeye akiwa chini. Haijui."

"Jina lako kamili ni nani, mama?"

Victoria aliiweka kadi mezani. Ofisi ile haikuwahi kumuuliza.

"Victoria Aikaeli."

Aliyataja na ya wenzake sita, polepole, huku Doris akiyachapa. Safari hii aliiambia amri ikate mwisho wa mstari, na iulize kabla ya kila kadi. Iliuliza mara saba. Mara saba alijibu ndiyo. Kadi zikatoka nzima.

Sylvanus alizipokea, akazipanga mezani, lakini muhuri hakuugusa.

"Siku zimejaa," alisema. "Aminieli ana yake, Mosha ana yake. Wazee wamerudi, wana zao. Nimnyang'anye nani?"

"Lakini wamekufa, mzee."

"Wamesaini."

"Basi kitabuni tuandike majina yao hawa akina mama."

"Ukishaanza kuchezea kitabu utaishia wapi, Doris? Hawa wana kadi ya Mjane. Wagawane."

Ijumaa Doris aliomba ruhusa ya nusu siku akapanda Uru, kadi saba zisizo na muhuri zikiwa mkobani. Hakujua anakwenda kufanya nini nazo. Aliwakuta Ebenezeri na Antoni kwenye mfongo. Antoni alikuwa ameshauelekeza kwake, maji yanapita kwa kasi kando ya shamba la Victoria bila kuligusa. Mibuni yake ilikuwa imekunja majani. Ebenezeri alikuwa ameketi ukingoni, suruali ameikunja, miguu ndani ya maji.

Victoria alishuka na ndoo mbili.

"Sogea kidogo nichote," alisema.

Ebenezeri alimtazama bila ubaya wowote.

"Mama, leo si zamu yako."

"Najua," alisema Victoria. Akapita nyuma yake, akaanza kuteremka korongoni, mtoni, mwendo wa nusu saa. Doris alimfuata akaichukua ndoo moja.