Zamu ya Mafunjo

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, fundi aliyashughulikia mafunjo yake. Alikuwa ameyatoa kwenye kinamasi nyuma ya kiwanda cha ngozi, akayapanda uani katika beseni kuukuu. Aliongeza maji mpaka yafunike mizizi, maana mafunjo hayavumilii miguu mikavu, kisha akakata mabua ya manjano kwa mkasi uleule wa vitambaa. Binti yake alikaa kizingitini akikohoa. Mtaa mzima ulikohoa kwa moshi wa kiwanda, lakini huyu alikohoa hadi akaacha kwenda shule, na fundi, mama yake, aliogopa kumzika.

Siku moja likakohoa beseni. Kikohozi kilikuwa kikavu, chenye kamluzi mwishoni.

"Mama, hicho changu," alisema binti.

"Kiache hukohuko," alijibu mama, akaongeza maji.

Kizuri chajiuza. Majirani walikuja kuomba, fundi akapasua shina na kuwagawia, kila mtu akaenda na kipande chake kwenye ndoo. Jirani aliyeitwa Redio, kwa kuwa hazimiki, alirudi kulalamika.

"Shemeji, haya mafunjo hayana adabu. Naongea, yanakohoa!"

"Yanakupa nafasi ya kupumua, shemeji. Na sisi pia."

Kisha akaja mkaguzi wa afya aliyekuwa akisubiriwa miaka mingi. Akikuta wagonjwa, kiwanda kitafungwa. Alisikiliza vifua vya mtaa mzima, akavikuta safi. Nyuma yake ndoo zilikohoa mpaka ikabidi apaze sauti.

"Hayo mafunjo ndiyo yanayougua badala yetu," fundi alimweleza.

"Mimi nimetumwa kukagua watu, mama," alisema mkaguzi, akaondoka na leso puani.

Kiwanda kiliruhusiwa kuongeza dohani ya pili ya kutolea moshi. Ilijengwa juu ya kinamasi, kwa kuwa hapakuwa na mwenyewe wa kulalamika. Binti alirudi shule. Fundi alifurahi, na akaionea haya furaha hiyo.

Asubuhi moja mafunjo yalipaliwa vibaya. Fundi alichuchumaa, akayapigapiga taratibu kama mgongo wa mtoto mpaka yakatulia. Akashika mkasi. Mabua ya manjano yalikuwa mengi kuliko mabichi.

Binti alisimama mlangoni na mkoba wake, akimtazama.

"Mama, yakiisha haya?"

"Nenda shule," alisema mama. "Utachelewa."