Wilaya Tano za Hoteli ya Samaki

Nguo za Idi za Mwanakhamis zilifika Unguja watu wameshamaliza hata ile sita ya Shawwal. Magauni ya watoto ya marinda, yenye maua ya dhahabu kifuani, yalishushwa bandarini wakati watoto wenyewe wamesharudi skuli na wana mwaka mzima wa kurefuka mbele yao. Hakuna kitu kigumu kuuza duniani kama gauni la Idi baada ya Idi. Hata ukimpa mtu bure, kwanza anauliza lina nini.

Na hayakucheleweshwa na bahari. Yalichelewa hukohuko Guangzhou, Uchina, juu ya sakafu ya ghala, kwa sababu siku ya kupakia kontena zilitangulia feni za Marijani, yakafuata magodoro ya rafiki zake Marijani, vikaja viatu, zikaja feni nyengine, mlango ukafungwa. Magauni yakaambiwa yasubiri meli ijayo.

Hiyo ilikuwa Idi iliyopita. Sasa ilikuwa Novemba ya tisini na nane, Ramadhani inakaribia, na Mwanakhamis alikuwa na robota mpya za magauni alizozinunua soko la nguo la Guangyuan Xilu, amezigombania kwa viwiko mpaka akatoka na mkono mmoja wa baibui. Yakiachwa tena, duka lake la Darajani linafungwa, naye anarudi Kikwajuni kwa kaka yake kupika na kuulizwa chumvi iko wapi. Bora angekula magauni yenyewe, marinda na vifungo vyake.

Wafanyabiashara wa kwetu waliokuwa wakilala mtaa wa Xiaobei siku hizo hawakuwa na mzigo wa kila mtu kujaza kontena lake. Walijaza kwa pamoja. Walikuwa na umoja, na umoja ulikuwa na baraza la watu watano, na baraza ndilo lililoamua kipi kiingie kwenye kontena na kipi kibaki. Nani aliwachagua hao watano? Marijani, mwenyekiti, mtu wa Kariakoo mwenye sauti tamu ya kumuuzia kiziwi redio, alisema walichaguliwa. Ukimuuliza lini, alisema zamani.

Wote walilala hoteli moja, upande wa pili wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Jina lake la Kichina lilikuwa refu, ukianza kulitaja ghorofa ya chini unalimaliza ushafika ya nne, kwa hiyo waliiita Hoteli ya Samaki. Pale mapokezi palikuwa na tangi, na ndani yake samaki mmoja mzee mwenye uso wa afisa forodha, ambaye watu waliapa kuwa akimwona mgeni wa mara ya kwanza anampa mgongo.

Jioni moja, watu wakiwa kwenye mkahawa wa Waislamu wa Kichina wanahangaika na tambi, Mwanakhamis alisimama.

"Miye nataka uchaguzi," alisema. "Sitaki ule wa zamani. Nataka wa wiki hii, kabla ya kontena kupakiwa."

Wanawake waliokuwa meza ya pembeni wakagonga bakuli kwa vijiti. Marijani hakukasirika. Alifuta mdomo, akatabasamu kama mtu aliyeletewa keki.

"Dada yangu, umenisoma moyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nauwaza. Nipe siku mbili tu niupange vizuri."

Siku mbili zikapita, akaja na upande wa boksi la feni alipoichora hoteli kwa kalamu nene. Wiki hiyo redio ilikuwa haisemi ila uchaguzi wa Wamarekani, na Marijani alikuwa amelala na redio sikioni.

"Wenzetu wana jimbo moja," alieleza, "wamelikata wilaya, kila wilaya inapeleka mjumbe wake mmoja bungeni. Wilaya nyengine imenyooka, nyengine imepinda kama utumbo wa mbuzi, lakini kila moja mjumbe mmoja. Hakuna ugomvi. Na sisi hivyohivyo. Kila ghorofa wilaya. Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Wilaya tano, wajumbe watano. Mtu anapiga kura ghorofa anayolala, kitambulisho chake ni ufunguo wa chumba. Anayetaka kugombea atajitaja Jumamosi asubuhi hapohapo kwenye ghorofa yake, kura zifuate. Nimemaliza."

Watu wakapiga makofi. Mwanakhamis alilitazama lile boksi, akazihesabu ghorofa kwa kidole.

Wanawake wote walikuwa ghorofa ya saba. Lifti ilikuwa inaishia ya sita, juu ya hapo ni ngazi, hivyo vyumba vya juu vilikuwa rahisi na wanawake wakajazana huko na robota zao. Walikaribia nusu ya umoja mzima. Na kwa mchoro wa Marijani, karibu nusu nzima ya watu ilipewa mjumbe mmoja, huku ghorofa ya tatu, alikolala yeye na wenzake wachache, nao wakapewa mmoja. Isitoshe, hao wachache wengi wao walikuwa wamevuka kwenda Hong Kong kushughulikia viza na wasingerudi kabla ya Jumatatu.

"Ghorofa yako haina watu, Marijani," alisema. "Na yetu watu wanalaliana."

"Ndiyo ukubwa wa wilaya hizo, dada. Wilaya haipimwi kwa watu, inapimwa kwa mpaka. Na mpaka ukishachorwa, umeshachorwa."

"Umechorwa na nani?"

"Na kamati."

"Kamati ipi?"

"Ya kuchora," alisema Marijani, akalibeba boksi lake.

Nje ya mkahawa Kimani alimsubiri. Huyu alikuwa kijana wa Nairobi, mnunuzi wa raba, na kwa kuwa mzigo wake ulikuwa unashukia Mombasa kwa kontena jengine kabisa, pande zote mbili zilikubali awe msimamizi wa uchaguzi.

"Mathe, hii nimeiona," alisema. "Unalala ukiwa wilaya hii, unaamka wamekupeleka ingine, na nyumba yako haijasonga hata futi. Utafanya nini? Huwezi kuibeba nyumba."

Mwanakhamis alimwitikia bila kumsikia. Alivuka Huanshi Zhonglu, akaingia hotelini, na pale mapokezi Xiao Lin, yule binti wa zamu, akamuuliza kile alichomuuliza kila mtu kila siku: "Huan?"

Hilo ndilo neno la kwanza alilojifunza kila mfanyabiashara wa Hoteli ya Samaki, kabla hata ya kujifunza kuulizia bei. Kubadilisha. Watu walibadilisha vyumba kuliko walivyobadilisha soksi. Chumba hiki kinavuja, kile hakina dirisha, kile jirani yake anakoroma Kifaransa. Mtu alikuwa akitia nguo zake kwenye mfuko, anashuka, anasema "huan", anapewa ufunguo mwengine. Marijani mwenyewe alikuwa amekaa vyumba vingi mpaka siku nyengine aliamka akauliza yuko wapi.

Mwanakhamis akasimama mbele ya tangi la samaki. Huwezi kuibeba nyumba, amesema Kimani. Lakini nani hapa ana nyumba? Marijani ameweka mipaka ya Wamarekani wenye mashamba na visima juu ya watu wanaolala na mizigo yao mguuni. Ameuchora mpaka kwa kalamu nene, akasahau kuwa waliomo ndani yake wana magurudumu.

"Bado, mwanangu," alimwambia Xiao Lin kwa Kiswahili, na kwa vidole akamwonyesha. "Ijumaa. Wengi."

Kazi ilikuwa kwa Bi Shamsia. Wengine wa ghorofa ya saba walikubali kuhama kabla Mwanakhamis hajamaliza kusema, mmoja wao, Dalila, akawa ameshafunga begi. Lakini Bi Shamsia, mkubwa wao, mwuza vitenge wa Tanga, alikuwa amekijaza chumba mzigo hadi darini, analala juu ya robota, na ili kuzima taa alikuwa anashuka kwa hatua kama mtu anayetoka mnarani.

"Sihami," alisema. "Nimezoea hapa. Na huyo Marijani ni mtoto wa watu, ana adabu, kila siku shikamoo."

"Shikamoo hazikuingiza vitenge vyako kontenani mwaka jana, Bi Shamsia."

Bi Shamsia akaipapasa robota aliyoikalia. Vitenge vyake vilikaa kando ya magauni kwenye sakafu ileile, na vilipofika Tanga mtindo ulikuwa umeshapita.

"Ghorofa gani?" aliuliza.

"Ya tatu. Mlango unaokabiliana na wake."

Mwanamke yule mkubwa akacheka mpaka robota zikatikisika. "Nipe mtu wa kunishika mkono nishuke," alisema.

Ijumaa wanaume walipoondoka kwenda msikitini, ghorofa ya saba ikafumuka. Wapagazi wa Guangyuan Xilu waliokodishwa kwa mchana huo walisimulia baadaye kuwa hawajapata kuona, kwa sababu mzigo wa Bi Shamsia ulipokuwa unatolewa jengo lilipumua, na ghorofa ya saba ikainuka kimo cha shibiri nzima, hata madirisha yaliyokuwa yamekwama miaka yakafunguka yenyewe. Mwanakhamis aligawa watu. Hawa wabaki juu, wanatosha kushinda. Hawa na Dalila, ghorofa ya tano. Hawa na yeye na Bi Shamsia, ya tatu. Ya nne na ya sita aliwaachia wanaume, wasije wakasema wameonewa. Xiao Lin alitoa funguo, kila mmoja na kibao chake cha mti kikubwa kama mwiko, mpaka kwenye ubao wa funguo nyuma yake safu za ghorofa ya tatu na ya tano zikabaki misumari mitupu.

Marijani alirudi ameshiba. Mlango wa lifti ulipofunguka ghorofa ya tatu, alimkuta Bi Shamsia amekaa juu ya robota katikati ya ujia, anabangua mbegu za alizeti.

"Shikamoo, Bi Shamsia. Umepotea ghorofa?"

"Marahaba, mwanangu. Sijapotea, nimehamia."

"Umehamia? Kwa nini?"

"Magoti. Kule juu lifti haifiki. Nilingoja uyaonee huruma magoti yangu, nikaona nitachelewa."

Mlango wa pili ukafunguka, akatoka mwanamke na taulo begani. Wa tatu ukafunguka. Wa nne ukafunguka, akasimama Mwanakhamis, na ufunguo unaning'inia kidoleni.

Marijani aliutazama ufunguo, si yeye. "Hii ni hila," alisema polepole.

"Hila gani? Umesema mtu apige kura anapolala. Usiku wa leo nalala hapa. Ukitaka njoo usikilize ukutani, mimi hukoroma."

"Nyinyi si watu wa ghorofa hii."

"Na wewe ni wa ghorofa hii tokea lini? Mwezi wa Oktoba ulilala ghorofa ya sita, ukahama kwa ajili ya mende."

Marijani alishuka ngazi, hakuisubiri lifti. Alichotaka kila mtu alikijua, kuwateremsha wanaume wa ghorofa ya sita waje ya tatu na ya tano. Alimwomba Xiao Lin vyumba. Xiao Lin aligeuka akautazama ubao wa misumari.

"Mei you," alisema, yaani hakuna. Kisha, kwa kuwa alikuwa binti mwenye adabu na maneno mawili ya Kiswahili, akayatumia yote: "Pole. Kesho."

Kesho yake asubuhi Marijani aliomba uchaguzi uahirishwe, wilaya zichorwe upya kwa utulivu. Kimani alikuwa na lile boksi mkononi.

"Mzee, hii ni mwandiko wako," alisema. "Umeandika hapa chini, mpaka haubadilishwi. Umeipigia mstari mara mbili."

Walipiga kura kwa vifungo vya shati. Kila chumba cha hoteli kilikuwa na chupa yake ya maji moto, basi kila mgombea aliweka chupa yake nyuma ya pazia, na mpiga kura alionyesha ufunguo, akapewa kifungo, akaenda akakitumbukiza anapopenda. Ghorofa ya tatu walijitaja wawili, Marijani na Mwanakhamis. Watu walisimama ujiani kimya kusikia vifungo vinavyolia ndani ya chupa. Bi Shamsia alikaa nyuma ya pazia muda mrefu kama mtu anayechagua tikiti maji, halafu kikalia tik, akatoka bila kumtazama mtu. Mwanakhamis alimfuata kwa macho. Yule bibi alikuwa mtu wa shikamoo, na moyo wa mtu haufunguki kwa ufunguo wa hoteli.

Kimani alimimina chupa ya Mwanakhamis juu ya trei, vifungo vikamwagika vikazunguka. Akaimimina ya Marijani. Yakatoka maji yenye moshi, majani ya chai, na vifungo vichache sana.

"Maji yalikuwa moto," alisema Marijani. "Kura zangu zimeyeyuka."

Kimani alichukua kifungo kimoja, akakiuma, akakirudisha. "Kizima," alisema. "Ghorofa ya tatu, Mwanakhamis."

Ya tano ikaenda kwa Dalila. Ya saba wakampa mwanamke wa Pemba asiyesema ila akitukanwa. Ya nne na ya sita zikabaki na wanaume, na hao wawili walikuwa wa kwanza kumpa Mwanakhamis mkono, kwa kuwa nao mzigo wao ulishawahi kubaki nyuma ya feni.

Wiki iliyofuata kontena likafunguliwa mlango uani kwa ghala. Mwanakhamis alisimama mlangoni mwake na baibui jipya, anaonyesha kwa kidole. Magauni yakaingia. Vitenge vikaingia. Viatu, magodoro, vyombo, kila mtu kiasi chake. Mzigo wa Marijani nao uliitwa, sehemu ya feni ikaingia, na iliyobaki ikaambiwa isubiri meli ijayo. Mlango ulipofungwa na lakiri kutiwa, feni zilizobaki zilikuwa sakafuni, palepale yalipokaa magauni.

Marijani alimsogelea, sauti yake ikiwa imerudi kwenye utamu wake.

"Umeniweza, dada, nakubali. Lakini mwakani wilaya hazitakuwa za ghorofa. Nimeshafikiri. Zitakuwa za bidhaa. Wenye feni wilaya yao, wenye redio yao, wenye magodoro yao. Na wenye nguo wote, wilaya moja."

Mwanakhamis alikuwa anasugua vumbi la maboksi mikononi.

"Chora," alisema. "Chukua kalamu nene uchore. Siku hiyohiyo utatukuta sote tunauza feni."