Karai la Maji Meupe

Nilimpiga mume wangu kwa sufuria ya wali kabla sijajua nimeshika nini mkononi. Wali wa moto ulimmwagikia mgongoni, na bado hakumwachia mtoto. Nikapiga tena. Mwanaidi, binti yetu wa miaka minne, alikuwa uchi ndani ya karai, amejikunja, na maji yaliyomfika kifuani yalikuwa meupe kama maziwa. Harufu yake niliijua. Ilikuwa harufu ya zizini siku ya kuogesha mbuzi dawa ya kupe.

"Mama Mwanaidi, usiniharibie kazi!" Habibu alinguruma bila hata kugeuka. "Bado kichwa!"

Bado kichwa. Nikaitupa sufuria, nikamrukia shingoni, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Hapo ndipo alipomwachia.

Nikisimulia hivyo watu hudhani niliolewa na mnyama. La. Niliolewa na mfanyabiashara wa mbuzi wa Makanya, mcheshi, mtu wa swala zake, aliyembeba mwanawe begani kutoka sokoni mpaka mlangoni huku akimwita mchumba. Mimi ni wa Ngujini, kule juu Ugweno, nilikozoea ukungu na matope. Nikashuka kwenye vumbi kwa ajili ya huyo mwanamume, na dada zangu wakanicheka mpaka wakachoka.

Mwanaidi alianza kujikuna kabla hajajua kutembea. Yalianza mashavu, yakafuata mikunjo ya viwiko, kisha nyuma ya magoti. Ngozi ikawa nene na nyeusi, ina magamba, na ikipasuka inatoa majimaji. Kiangazi, upepo ulipotuletea vumbi la jasi kutoka machimboni, alijikuna mpaka shuka ikaganda miguuni, nami asubuhi nikawa naibandua kwa maji ya vuguvugu huku yeye akipiga mayowe. Tukipanda kwa mama yangu Ngujini anatulia. Tukishuka, yale yale.

Majirani walikuwa na majibu tele. Huyu alisema ni jicho la husuda. Yule akasema mtoto haogeshwi vizuri, maneno yaliyoniuma sana, basi nikamwogesha asubuhi na jioni kwa sabuni ya kufulia na dodoki la katani, na akazidi kuchubuka. Dukani tukauziwa kikopo cha mafuta kisicho na jina la kueleweka. Ngozi ikalainika, tukafurahi, tulipoacha ikarudi na hasira zaidi.

Habibu ile sauti ya kucha ilimshinda. Kama hujawahi kumsikia mtoto wako akijichana nyama, shukuru tu. Alimvalisha soksi mikononi, mtoto akazivua kwa meno. Akamfunga mikono kwa kipande cha kanga, mtoto akajisugua ukutani. Siku moja Habibu akapiga ngumi kwenye ule ukuta mpaka plasta ikadondoka.

"Mbuzi wa upele namtoa mnadani hana hata unywele, namwogesha, anapona," akaniambia. "Mbuzi wa watu nawaponya. Mwanangu ndiye anishinde?"

Nilidhani ni uchungu tu unamsemesha. Nikampoza, nikasahau.

Ijumaa ile alirudi kutoka msikitini, kanzu bado mwilini. Nilikuwa jikoni nikiepua wali, nikasikia maji uani, kisha kilio ambacho hakikuwa cha kujikuna. Nikatoka na sufuria mkononi. Mengine nimekwisha kuyasema.

Beatha, jirani yangu, alisikia zile kelele akaruka ua, kanga yake ikabaki kwenye miba. Hakuuliza kitu. Tulimwosha mtoto kwa sabuni na maji safi, ndoo juu ya ndoo. Lakini ile dawa ilikuwa imekwisha kuingia. Mate yakaanza kumtoka, yakazidi, yakawa povu. Machozi yakamchuruzika bila kulia. Mboni za macho zikasinyaa kama matundu ya sindano, miguu ikarukaruka yenyewe, na kifua kikawa kinakoroma.

"Ameua mtoto!" Beatha alipiga ukunga ule wa msiba, na vijana wa barabarani wakaja na fimbo.

Walimkamata Habibu mlangoni kwa zizi. Wa kwanza alimpiga ya mdomo. Wa pili akaokota jiwe. Niliona ile kanzu ya Ijumaa ikiloa nyekundu kuanzia kola, naye hakujikinga, alikuwa akipiga kelele, "Namtibu! Namtibu mwanangu!" Kila aliposema, wakampiga. Wangemwua pale pale. Sikuwaambia waache, na hata leo ningewaacha, kwa sababu pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtoto.

Aliyewatawanya ni Loth, dereva wa lori la jasi, aliyeingiza gari mpaka katikati yao huku akipiga honi.

"Mwacheni, wajinga ninyi! Hospitali watauliza ameogeshwa dawa gani, mtajibu ninyi?"

Habibu akajikokota zizini, akatoka na chupa. Akapanda nyuma, juu ya shehena ya jasi. Mimi na Mwanaidi tulikaa mbele. Njia nzima mpaka Same nilimfuta mate na kumwita jina, na kila kifua kilipokawia kunyanyuka nilimkandamiza Loth bega. Aliyapita malori kwenye kona kama mtu aliyekwisha kuaga kwao.

Daktari, mama mmoja kijana aitwaye Eunike, aliipokonya ile chupa mkononi mwa Habibu, akaisoma, akakimbia. Walimchoma mtoto sindano, wakasubiri, wakachoma tena, na tena, mpaka kifua kikaacha kukoroma. Nilikuwa nimekaa sakafuni, meno yangu bado yana ladha ya damu ya mume wangu.

Kesho yake Mwanaidi aliomba chai. Nililia mpaka nesi akanitoa nje.

Daktari Eunike alituita wote wawili. Uso wa Habibu ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba.

"Mtoto mwenye ngozi nzima angeumwa," alisema. "Huyu alikuwa anakufa, kwa sababu ngozi yake ina mipasuko na dawa imepita humo. Na wala hana upele. Hii ni pumu ya ngozi. Hakuna mdudu wa kuua, na haiambukizi."

"Itapona lini?" nikauliza.

"Inatunzwa, mama. Wengi hupata nafuu wakikua, wengine hukua nayo."

Akanieleza. Nimwogeshe kwa muda mfupi, maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, dodoki nilitupe. Nimpake mafuta ya mgando mwili mzima kabla ngozi haijakauka, kila siku, hata akionekana mzima. Krimu atakayoandika yeye niipake tu panapowaka, kwa siku alizosema, na ya kikopo cha dukani nisiiguse tena. Kucha fupi, nguo za pamba, vumbi nilikimbie kadiri ninavyoweza. Nilisikiliza kwa hasira, maana yote hayo yalikuwa mambo ambayo yangefanyika uani kwangu tangu mwanzo, na mwanangu alikuwa na sindano mkononi.

Kisha akamgeukia Habibu. "Nawe baba, nionyeshe mikono."

Alikuwa ameificha kwapani. Miaka yote aliniambia inapasuliwa na kamba za mbuzi. Daktari akaifunua viganja juu: vinene, vimechanika, damu kavu kwenye kila mkunjo.

"Ilianza lini?"

"Utotoni," Habibu alisema kwa ule mdomo uliopasuka. "Mwili mzima. Marehemu baba akanitumbukiza kwenye josho la dawa pamoja na mbuzi. Nikapona."

"Ulipona?" daktari akauliza, bado ameishika.

Habibu akaivuta mikono, akairudisha kwapani.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia Habibu kwamba siku nitakayomwona na mtoto na maji, nitamwua. Alijua sitanii. Mbuzi akawahamishia kwa ndugu yake, yeye akawa analala sebuleni. Jioni nilimwogesha Mwanaidi, nikampaka mafuta kizingitini, naye Habibu akikaa mbali kwenye kigoda, anatazama. Kopo lake alilopewa hospitali hakulifungua. Alisema mwanamume mzima hajipaki mafuta kama bi harusi. Miezi ikapita hivyo, na ngozi ya mtoto ikawa inarudi, kwanza mashavu, kisha viwiko.

Siku moja, kabla sijamvalisha gauni, Mwanaidi alinitoka mikononi akiteleza kwa mafuta, akachukua kopo letu, akaenda nalo kwenye kigoda.

"Baba, leta mkono."

Habibu akaurudisha nyuma.

"Leta. Hayaumi."

Akampaka kidole kimoja kimoja, akipuliza penye mipasuko kama ninavyompulizia yeye. Habibu alilia mdomo wazi, bila kujificha, kamasi zinamtoka.

"Pole, baba," mtoto alimwambia. "Basi, yamekwisha."

Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikashika komeo kwa mikono yote miwili, kwa sababu bado nilikuwa nataka kumpiga.